Kilomita ya Saba Ina Wenyewe Wawili

"Toka kwenye kilomita yangu!"

"Yako umeizaa? Hati hii hapa!"

"Hata mimi ninayo, tena ya kwangu ina muhuri..."

"Na hii ina nini, mchuzi?"

Ndivyo ndoto ya usiku wa jana ilivyonipokea, ugomvi umeshakolea na mimi sijui nani kaanza. Niliota niko katikati ya Ziwa Victoria, nimevaa miwani ya kuogelea, na mbele yangu watu wazima wawili wamekaa juu ya maji kwenye viti vya plastiki, vile vyeupe vya kukodi vya msibani. Viti havizami. Hilo halikunishangaza. Nilichojiuliza ni nani atavirudisha.

Wa kushoto ni Mama Nyangeta, muuza dagaa wa pale mwaloni boti zinaposhusha samaki, mwanamke ambaye akikohoa tu bei inapanda. Wa kulia ni Mzee Kalebo, bwana shamba mstaafu, ambaye tangu astaafu hajavua gambuti. Wote wawili wanapunga karatasi. Karatasi zote mbili nimeziandika mimi.

Hapa nitoke ndotoni kidogo nieleze, maana haya mengine ni ya kweli.

Kisiwa chetu cha Bwirogo kina zahanati, zahanati ina chumba cha kujifungulia, na chumba hakina taa. Mtoto akija giza limeingia, nesi anamulika kwa simu aliyoing'ata kwa meno, kwa sababu mikono yote miwili ina kazi. Dada yangu Nyabise amebakiza wiki mbili au tatu ajifungue. Kwa hiyo nilipoandika kwenye grupu la kisiwa kwamba nitaogelea kutoka Bwirogo mpaka Musoma, kilomita kumi na mbili, na kila mtu achukue kilomita yake moja aichangie ili tupate taa za sola, nilikuwa natania nusu. Nusu nyingine ilikuwa inaogopa.

Kilomita zote ziliisha kwa siku mbili. Sharti lilikuwa moja: mwenye kilomita anatoa mchango wake nikishaipita. Nisipoipita, hatoi, na fundi wa sola alishasema nusu ya taa hafungi.

Kila mwenye kilomita nilimpa Hati ya Kilomita, nikaigonga muhuri niliouchonga kwenye kiazi. Ya saba nilimuuzia Mama Nyangeta kwa simu. Wiki ileile, kwa kinyozi, Mzee Kalebo akang'ang'ania saba hiyohiyo, eti alizaliwa siku ya Saba Saba. Nikamwambia chukua, mzee wangu. Nikacheka kimoyomoyo. Maji hayana uzio, nani atajua?

Ndotoni maji yana uzio.

Ni uzio wa seng'enge, umenyooka kabisa, nguzo zake zimesimama juu ya maji kama zimechimbiwa. Ndani ya uzio Mama Nyangeta ameanika dagaa juu ya ziwa, wamekauka vizuri tu. Pembeni yao Mzee Kalebo amepiga matuta, na mchicha umeshafika magotini. Katikati ya dagaa na mchicha kuna wimbi moja limesimama wima, halianguki, limepakwa rangi nyekundu: KILOMITA HII HAIUZWI. OGOPA MATAPELI.

"Samahani," wimbi linaniambia, "usiniguse. Rangi haijakauka."

Nikakumbuka heshima. Nikasema, "Shikamoo mama, shikamoo mzee."

"Marahaba," wakajibu kwa pamoja. Halafu wakaanza kugombea marahaba ya nani imetangulia.

"Mafuru," Mama Nyangeta akanigeukia, "mwambie huyu babu. Mimi na wewe tuliongea kwenye simu, tena salio lilikuwa la kwangu."

"Kijana," Mzee Kalebo naye, "mwambie huyu mama. Mimi na wewe tulionana ana kwa ana, nusu ya kichwa changu imenyolewa, nusu bado. Shahidi kinyozi."

"Wote mna haki," nikasema.

"Haki haiwezi kuwa kwa wote!" wakasema, na hapo walipatana kwa mara ya kwanza.

Nikaona bora nipite kimyakimya, nijipenyeze chini ya seng'enge kama kuku. Ndipo filimbi ikalia. Filimbi ya mwamuzi. Ila mwamuzi hayupo. Ni filimbi yenyewe, imening'inia hewani na kamba yake.

"Pii," ikasema. "Mwogeleaji haruhusiwi kusimama. Mwogeleaji haruhusiwi kugusa boti. Mwogeleaji haruhusiwi kupita eneo lenye mgogoro."

"Hiyo ya tatu haimo kwenye kanuni."

"Imeongezwa leo."

"Na nani?"

"Pii," ikasema filimbi, na nikaelewa kwamba swali langu limejibiwa.

Mzee Kalebo akadai shahidi aitwe. Akaitwa kiazi. Kikaja kinaelea, uso wake umechongwa maneno yangu kinyumenyume, wino bado unachuruzika.

"Hati hizi umezigonga wewe?" Mama Nyangeta akakiuliza.

"Mimi niligongeshwa tu," kikasema kiazi. "Nilitoka shambani nikijua naenda kuwa chipsi. Na niseme ukweli, alipokuwa ananigonga mara ya pili alikuwa anacheka."

Wote wawili wakanitazama. Maji yakapoa ghafla pale nilipokuwa, na ni pale tu.

"Ulikuwa unacheka?" akauliza Mzee Kalebo. Safari hii hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma.

"Twendeni ardhi," akasema Mama Nyangeta.

Tukawa ofisi ya ardhi. Sikuona njia tuliyopita. Kuna korido ndefu, kuna mabenchi, kuna watu wamekaa na bahasha za kaki mapajani wakiwa na sura za watu waliokwisha kusahau walichokuja kudai. Mimi siruhusiwi kusimama wala kukaa, kwa hiyo naelea hewani, kifudifudi, usawa wa benchi, napiga mikono polepole nisipoteze nafasi yangu kwenye foleni. Hakuna anayeshangaa. Bibi mmoja ananiambia tu nisimpigie teke kikapu.

Filimbi imekuja pia. Imekaa dirishani.

Afisa ardhi ni kamongo. Yupo ndani ya beseni nusu maji nusu tope, amefunga tai. Ukifikiria vizuri, kazi inamfaa. Kamongo ndiye samaki anayepumua hewa. Maji yakikauka anajifukia kwenye tope na kungoja, hata miezi. Kwa ofisi ile, hiyo ndiyo sifa kubwa.

"Tuna mgogoro wa kilomita," nikamwambia.

"Njooni kesho. Afisa anayehusika yuko saiti."

"Anayehusika ni nani?"

"Ni mimi."

"Lakini wewe uko hapa."

"Ndiyo maana nasema mje kesho," akasema kamongo, akaanza kuzama kwenye tope lake taratibu. Mkia ulishapotea, tai ikafuata.

"Mheshimiwa, hili haliwezi kungoja."

"Kila kitu kinaweza kungoja. Mimi niliwahi kungoja mvua tangu—"

Sauti ya mwanamke ikamkatisha. Ilitoka nyuma ya mlango ulioandikwa CHOO CHA WATUMISHI. Naijua ile sauti tangu nina miaka mitatu. Nikaogelea mpaka mlangoni, nikausukuma kwa kichwa.

Ni chumba cha kujifungulia cha zahanati yetu. Giza. Dada yangu Nyabise yuko kitandani, ameshika chuma cha kitanda. Nesi Wegesa ameinama, simu meno yake yameing'ata, na mwanga umekuwa mwembamba kama uzi.

"Afilimia nne," anasema Nesi Wegesa.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema nimebakiza asilimia nne," ikajibu simu. "Na mimi naomba niseme mbele yenu nyote, kazi hii sikuzaliwa nayo. Mimi nilitengenezwa kwa ajili ya kupiga picha chakula."

"Mafuru," dada akaniita, "umefika wapi?"

"Kilomita ya saba."

"Mbona umekwama hapo?"

"Kuna mgogoro wa ardhi."

Akanitazama. Nyabise hanitukani. Hata nilipoacha chuo hakunitukana, aliuliza tu kama nimekula.

"Umemuuzia nani mara mbili?" akasema.

Nikapiga mikono miwili mitatu pale hewani.

"Basi malizaneni," akasema. "Mimi huyu hanisubiri."

"Afilimia tatu," akasema Nesi Wegesa.

Nikageuka. Mama Nyangeta na Mzee Kalebo wamesimama mlangoni, wamechungulia, karatasi zao wamezishusha. Mzee Kalebo amevua kofia. Mama Nyangeta ameshika mdomo.

"Sasa..." Mzee Kalebo akasema, akakohoa. "Sasa basi. Mama, chukua wewe hiyo saba."

"Hapana, mzee. Chukua wewe. Mimi mbona nina umri wa kungoja nyingine."

"Umri gani? Nimekwambia chukua!"

"Na mimi nimekwambia siitaki! Unanilazimisha kama nani?"

"Wewe mama una kiburi!"

"Na wewe kichwa chako kigumu, ndiyo maana kinyozi alikiacha nusu!"

Nikaanza kufurahi. Nikasema moyoni, imekwisha, hawaitaki wote, napita. Filimbi ikaingia kwa dirisha.

"Pii. Mwogeleaji haruhusiwi kupita eneo lisilo na mwenyewe."

"Hiyo nayo imeongezwa leo?"

"Sasa hivi."

Nikarudi kwenye beseni. Imebaki pua tu ya kamongo. Nikamwinamia.

"Mheshimiwa, mle ndani kuna mtoto anakuja, na taa imebaki asilimia tatu."

Pua ikatulia. Halafu tope likapasuka, tai ikatoka, kichwa kikatoka.

"Mtoto?" akasema kamongo. "Kwa nini hukusema? Faili la mtoto halifukiwi. Chukua futi kamba."

"Haruhusiwi kushika kitu," ikasema filimbi.

"Basi nitapima mimi mwenyewe kwa mwili wangu," akasema kamongo, na tukawa ziwani.

Anapima. Anajinyoosha, anajikunja, anajinyoosha, kama mtu anayepima kitambaa kwa mkono, na kila akifika mwisho wa kilomita anatema kiputo cha hewa kuweka alama. Sisi tunangoja. Viti vya plastiki vipo palepale. Mchicha umerefuka zaidi. Wimbi lenye rangi nyekundu limechoka kusimama, linahamisha uzito mguu huu na ule, ingawa miguu halina.

Kamongo akarudi, akanitazama kwa muda.

"Wewe si ulisoma upimaji ardhi chuo kikuu?"

"Nilisoma."

"Miaka mingapi?"

"Miwili na nusu."

"Kati ya?"

"Minne."

"Ehee. Ziwa ulilipimaje?"

"Kwa uzi. Nililaza uzi juu ya ramani, halafu nikaupima kwa rula."

Mama Nyangeta akaguna.

"Uzi mmoja?" akauliza kamongo.

"Ulikuwa mfupi. Nikaunga na mwingine."

"Ukaunga kwa kitu gani?"

Hapo nikaona inakoelekea. "Kwa fundo," nikasema.

"Na fundo lilikula kiasi gani?"

"Mambo ya mafundo," nikasema, "yalikuwa yafundishwe mwaka wa tatu, muhula wa pili."

Kamongo hakucheka. Akazama. Tukabaki tunatazama miduara ya maji. Mara ziwa zima likavutika, kama shuka linapovutwa upande mmoja na mtu mnayelala naye. Musoma ikasogea kidogo, ikarudi. Kamongo akaibuka amelivuta kwa meno fundo la maji, kubwa kama nyumba ya vyumba viwili, limekazwa vibaya, limekazwa kwa haraka haraka na mtu mvivu. Nilitambua mkono wangu.

Akalifungua. Alikuwa na subira nalo, akalilegeza huku, akalisukuma kule, akalipulizia. Na fundo lilipoachia, ziwa likashusha pumzi, *haaa*, na kilomita moja mpya ikateleza kutoka ndani yake, ikajinyoosha kuelekea Musoma. Ilikuwa na mikunjo bado. Ilinuka ugeni, kama belo la mitumba lililofunguliwa sasa hivi. Hakuna samaki aliyewahi kuipita.

"Kumi na tatu," akasema kamongo. "Ziwa ni kilomita kumi na tatu. Mama, saba ni yako. Mzee, hii ya kumi na tatu ni yako. Kesi imefungwa, mje kesho kuchukua nakala."

"Iko upande gani?" akauliza Mzee Kalebo, ameshaanza kung'oa mchicha wake auhamishe.

"Ya mwisho. Inagusa nchi kavu."

"Udongo?"

"Kichanga, kidogo mfinyanzi."

"Mfinyanzi!" akasema Mzee Kalebo, na nilidhani analia. "Mama, umebaki na saba yako ya katikati huko, maji matupu."

"Kwenda huko," akasema Mama Nyangeta, anacheka, anamfungia dagaa kwenye gazeti. "Chukua hawa, ukale na huo mchicha."

"Samahani," nikasema. "Kwa hiyo mimi naogelea kumi na tatu? Nani kaniuliza?"

"Aliyefunga fundo ndiye anayeliogelea," akasema kamongo, akakaza tai yake, akashuka zake.

Nilitaka kubisha. Lakini kifuani kulikuwa kumelegea kitu, sijui tangu lini kilikuwa kimekazwa, na pumzi ilikuwa inaingia mpaka chini kabisa. Tangu nigonge ile hati ya pili nilikuwa navuta pumzi nusunusu. Sasa inaingia nzima. Kilomita moja zaidi niliiona kama kutoka chumbani kwenda uani.

Wimbi jekundu likauliza, "Naweza kukaa sasa?"

"Kaa," nikasema.

Likakaa, *pwaa*, maandishi yote yakaoshwa. Seng'enge ikafunguka kama pazia la sebuleni. Mama Nyangeta akavuta miguu nipite chini ya kiti chake, na nilipopita akasema kwa sauti ya mtu anayehesabu, "Imepitwa hiyo! Mmeona wote? Imepitwa!"

"Pii," ikasema filimbi, na kwa mara ya kwanza ilisema kwa upole. "Pita."

Naogelea. Maji yamekuwa mepesi. Kwa mbali, nyuma yangu, kisiwani, dirisha moja dogo limewaka mwanga mweupe, na sikugeuka kuliangalia mara ya pili kwa sababu nilijua ni la chumba gani.

Nikaamka.

Jua limeshatoka, jogoo wameshamaliza kazi yao, na shuka langu lilikuwa limejifungafunga miguuni. Nikalala kidogo nikitazama bati. Ndoto ni ndoto, nikasema. Saba bado ina wenyewe wawili, siku zimebaki tisa niingie majini, na mimi bado ni yuleyule.

Simu ikatetemeka. Ni ujumbe wa Majura, mwenye boti itakayonisindikiza siku hiyo. Ulikuwa hivi:

"Oya Mafuru. Jana jioni nimepita njia yako yote na ile mashine ya kupimia ya boti. Si 12 bwana. Ni 13, tena imezidi kidogo. Kwani wewe ulipima na nini?"

Niliusoma mara tatu. Halafu nikakaa kitandani nikacheka peke yangu mpaka Nyabise akagonga ukuta kutoka chumba cha pili akauliza kama ninaumwa.

"Siumwi, dada."

"Umekula?"

"Bado."

Nikajua nisipofanya sasa hivi sitafanya tena. Nikampigia Mzee Kalebo. Ikaita mara moja tu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mafuru. Kumekucha salama?"

"Salama. Mzee, nina jambo. Ile kilomita ya saba... niliwauzia watu wawili. Wewe na mwingine. Nilijua nafanya nini. Nilidhani ni utani. Naomba unisamehe."

Nikasikia kuku wake, nikasikia ndoo inawekwa chini.

"Huyo mwenzangu ni nani?"

"Mama Nyangeta."

"Mh!" akasema upesi. "Mwachie. Yule mama tutafika mpaka mahakamani, na hakimu atamwogopa. Mwachie kabisa."

Nilijikuta nimesimama. "Ahsante mzee wangu. Lakini sikuachi hivihivi. Kumbe njia ni kilomita kumi na tatu, nilikosea kupima. Hiyo ya kumi na tatu ni yako kama utaitaka. Ni ya mwisho kabisa, inaishia ufukweni Musoma."

"Na wewe utaiogelea? Hiyo ya nyongeza?"

"Nitaiogelea. Taa lazima ziwake."

"Kina chake kikoje?"

"Inapoanzia ni kirefu. Ukishasogea kinafika kifuani. Mwishoni magotini."

Nikasikia ile ndoo inageuzwa chini juu. Akaikalia.

"Mafuru."

"Naam, mzee."

"Mimi nina miaka sitini na tisa. Nimezaliwa kisiwani hapa, na maji nayajua ya kunywa na ya kumwagilia tu."

"Ndiyo, mzee."

"Hizo siku tisa," akasema Mzee Kalebo, "nifundishe kuogelea. Hiyo ya mwisho niachie mimi."